Vuli Isiyo na Mvua: Tafakuri ya Siku Moja ya Oktoba Ufukweni Brighton

1.0 Utangulizi

Mnamo Jumamosi ya tarehe 1 Oktoba 2011, kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa cha Gravesend, katika jimbo la Kent kusini-mashariki mwa Uingereza, kilifikia nyuzi 29.9 za Selsiasi. Kiwango hicho kilivunja rekodi ya nchi hiyo kwa mwezi wa Oktoba, iliyokuwa nyuzi 29.4, na ambayo ilipimwa tarehe hiyo hiyo mwaka 1985 katika mji mdogo wa March, Cambridgeshire. Kwa msomaji aliyeko Tanga, Lamu au Unguja, nyuzi 29.9 hazina ajabu yoyote. Hilo ni joto la mtu anayekwenda sokoni asubuhi. Kwa Waingereza lilikuwa jambo la kuandikwa magazetini, kwa kuwa lilikuja wakati ambapo majani yalikwisha kuanza kugeuka rangi na watu walikwisha kutoa makoti yao makabatini.

Siku hiyo nilikuwa Brighton, mji wa pwani ulio kusini mwa London, mwendo wa takriban saa moja kwa treni. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na moja, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, na tasnifu yangu ilihusu njeo na hali katika kitenzi cha Kiswahili. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimevuka bahari ili nijifunze jinsi lugha yangu inavyoutaja wakati.

Insha hii haikusudiwi kuwa taarifa ya utafiti. Ni masimulizi ya kosa moja la kitaaluma nililolitenda, ya namna nilivyosahihishwa, na ya deni lililobaki baada ya kusahihishwa. Nimeamua kuyaandika katika jarida hili kwa sababu kosa lenyewe ni la kazi yetu sisi tunaotunga istilahi, kutafsiri na kusimamia kamusi. Na kwa sababu aliyenisahihisha hakuacha maandishi yoyote.

2.0 Siku Yenyewe

Brighton ni mji uliozaliwa upya kwa sababu ya maji ya bahari. Hapo zamani ulikuwa mji wa wavuvi ulioitwa Brighthelmstone. Mnamo mwaka 1750, Richard Russell, tabibu wa mji jirani wa Lewes, alichapisha kwa Kilatini tasnifu iliyoeleza matumizi ya maji ya bahari katika kutibu maradhi ya tezi. Wagonjwa walianza kwenda kuoga, na wengine kuyanywa maji hayo kwa dawa. Baadaye mwanamfalme aliyekuja kuwa Mfalme George wa Nne aliupenda mji huo, na kati ya mwaka 1815 na 1822 msanifu majengo John Nash akamjengea kasri lenye makuba na minara ya mtindo wa Kihindi. Reli kutoka London ilipofika mwaka 1841, pwani ile ikawa ya kila mtu mwenye nauli.

Nami nilikuwa mmoja wa wenye nauli. Treni ilijaa kama mabasi yetu ya sikukuu. Wazee walibeba viti vya turubai, vijana walivaa kaptura, na mtoto mmoja aliyekaa mkabala nami alikuwa na ndoo na koleo ya plastiki ya kuchimbia mchanga. Nilimwonea huruma nilipofika, kwani ufuko wa Brighton hauna mchanga. Umefunikwa kokoto za kahawia na kijivu, na kila wimbi linaporudi nyuma, kokoto hizo huteremka pamoja nalo kwa sauti kama ya kunde zinazopepetwa katika ungo.

Watu walikuwa wengi kupita kiasi. Walilala juu ya kokoto bega kwa bega kuanzia gati kubwa la starehe, lililofunguliwa mwaka 1899, hadi mkabala wa mabaki ya gati la magharibi. Hilo la magharibi lilifunguliwa mwaka 1866, likafungwa mwaka 1975, na likaungua mara mbili mwaka 2003. Siku ile lilikuwa mifupa ya chuma iliyosimama peke yake majini, na shakwe wametua juu yake. Watu walicheka kwa sauti, walikula samaki na viazi vya kukaanga, na waliingia baharini wakapiga ukelele, kwa kuwa jua lilikuwa la Julai lakini maji yalikuwa ya Oktoba.

Jambo lililonigusa lilikuwa haraka yao ya kufurahi. Nilikaa karibu na bibi mmoja mwenye umri wa kama miaka themanini, aliyekuwa amevua viatu na kukunja suruali hadi magotini. Aliniambia, bila ya kuulizwa, kwamba alikuwa amekuja kwa basi kutoka kijiji cha ndani kwa sababu huenda asiione siku nyingine kama hiyo. Sikujua kama alikuwa anazungumzia mwaka ule au umri wake. Nilitikisa kichwa kwa adabu, tukatazama bahari.

3.0 Majina ya Joto Lisilo la Wakati Wake

Siku za joto zinazokuja baada ya baridi kubisha hodi zina majina katika lugha nyingi za Ulaya. Waingereza huziita kwa jina ambalo likitafsiriwa neno kwa neno hutupatia "kiangazi cha Kihindi". Miaka kadhaa baadaye, katika darasa la tafsiri, mwanafunzi wangu mmoja aliandika hasa hivyo: "Walikutana katika kiangazi cha India." Wahusika wa hadithi aliyokuwa akiitafsiri walikuwa hawajatoka Uingereza hata siku moja, naye akawasafirisha hadi India kwa kalamu.

Kosa lake lina udhuru. Jina hilo halikutokana na Bara Hindi. Limepatikana katika maandishi ya mwaka 1778 ya Crèvecoeur, mzaliwa wa Ufaransa aliyekuwa mkulima Marekani, na Wahindi wanaotajwa ni wenyeji wa asili wa bara la Amerika, ambao wageni waliwapachika jina hilo kwa makosa ya jiografia. Hata hivyo, mtu aliyekaa ufukweni Brighton anaweza kudanganyika kirahisi, kwani akigeuka nyuma hatua chache anaona makuba ya kasri la Nash, ambalo katika Vita vya Kwanza vya Dunia, tangu mwaka 1914 hadi 1916, liligeuzwa hospitali ya askari wa Kihindi waliojeruhiwa Ufaransa na Ubelgiji. Wale miongoni mwao waliokuwa Wahindu na Masingasinga, walipofariki, walichomwa maiti juu ya vilima nyuma ya mji, na pamewekwa mnara wa kumbukumbu tangu mwaka 1921. Kwa hiyo Wahindi wa kweli walikuwapo Brighton, majira ya kupukutika majani waliyaona, na jina la joto hilo halikuwahusu.

Wajerumani husema Altweibersommer, yaani kiangazi cha vikongwe, ingawa wapo wanaisimu wanaolihusisha neno hilo na nyuzi za buibui zinazoelea hewani siku hizo. Mwaka 1989 bibi mmoja alikwenda mahakamani mjini Darmstadt kulalamika kwamba watabiri wa hali ya hewa wanapolitumia neno hilo wanawavunjia heshima wanawake wazee. Mahakama haikukubaliana naye. Warusi nao husema babye leto, kiangazi cha wanawake. Wakristo wa nchi kadhaa za Ulaya walizihusisha siku hizo na watakatifu ambao sikukuu zao huangukia humo: Mtakatifu Luka tarehe 18 Oktoba, na Mtakatifu Martin tarehe 11 Novemba.

Tukiyapanga majina haya pamoja tunaona mwelekeo mmoja. Joto hilo ni la Wahindi, ni la vikongwe, ni la wanawake, ni la watakatifu. Hakuna lugha kati ya hizi iliyokubali kwamba joto hilo ni mali ya majira yenyewe. Daima huwa ni la kuazima, la mtu mwingine, lililopita hapa kwa bahati. Ndiyo maana, nadhani, bibi yule alivua viatu kwa haraka vile.

4.0 Simu ya Pangani

Alasiri nilimpigia Baba simu. Wakati huo alikuwa amezidi miaka sabini na mitano, nahodha mstaafu wa jahazi, akiishi Pangani katika nyumba ambamo mimi na ndugu zangu tulizaliwa. Kaka zangu wawili walisafiri naye utotoni hadi Unguja, Pemba na Mombasa. Mimi mtoto wa kike sikupandishwa jahazini, nilipelekwa shule. Aliniita "Mama", kwa kuwa jina nililopewa ni la mama yake mzazi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Mama. Kukoje huko?"

"Huku sasa ni vuli, Baba, lakini leo kuna joto kama la nyumbani. Niko pwani."

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Mvua zimeshaanza?"

"Hapana. Hakuna hata wingu."

"Wamepanda?"

"Hawapandi sasa. Ndiyo kwanza wamemaliza kuvuna. Majani ya miti yanapukutika."

"Basi hiyo si vuli," akasema. "Vuli isiyo na mvua wala jembe, ni vuli ya nani?"

Nilicheka, naye akacheka. Kisha akaanza kunihoji kama alivyokuwa akimhoji baharia aliyetoka safari. Upepo unatoka wapi? Ilinibidi nisimame nizitazame bendera za gatini ndipo niweze kumjibu kwamba unatoka baharini, yaani kusini, nao ni mdogo. Bahari je? Imelala. Baridi imeshapita, au inakuja? Inakuja. Na joto hili, wenyeji wanasema litadumu? Wanasema siku mbili tatu.

"Basi kukoje huko ndivyo kulivyo hapa," akasema. "Kusi imechoka, bahari imelala, mtu anamalizia safari zake kabla upepo haujageuka. Hiyo ni demani, Mama. Ila demani yenu inageukia baridi, na yetu inageukia kaskazi."

Nililijua neno demani. Nililijua kama mtu anavyoyajua maneno ya kamusi: kipindi cha mwishomwisho wa kusi, takriban Agosti hadi Oktoba, vilevile, katika istilahi za mabaharia, ni kamba ya tanga, na ni upande wa chombo usioelekea upepo. Sikuwahi kulihisi mwilini. Wakati Baba analitamka, nilikuwa nimekaa ndani yake.

Nikamwambia kwamba nitakaporudi nataka aniorodheshee majira yote ya baharini kwa utaratibu, ili niyarekodi. "Kwa nini usubiri?" akasema. "Ni hesabu tu." Akaanza kunieleza kuwa mwaka wao huanza siku ya Nairuzi, mnamo Julai, na kwamba kutoka hapo siku huhesabiwa kwa miongo, kila mwongo siku kumi, hadi mwaka umalizike. Leo, kama hesabu yake haikupotea, walikuwa wanamaliza mwongo wa saba. Akaanza kuitaja miongo mmoja mmoja na kazi yake: upi wa kukarabati chombo, upi wa kukaa nanga, upi ambao mtu mwenye akili hatoki Pangani kwa sababu ya mlango wa mto. Alifika mwongo wa nne, salio la simu yangu likakatika.

Nilikusudia kununua vocha na kumpigia tena jioni ileile. Treni ya kurudi ilichelewa kwa wingi wa abiria, nikafika London usiku, na Pangani ilikuwa imelala. Jumapili nilikuwa na sura ya tasnifu ya kukamilisha. Tulizungumza mara nyingi baada ya siku ile, kuhusu afya yake, ada za watoto wa kaka, na bati la upande wa jikoni. Kuhusu miongo hatukuzungumza tena.

5.0 Kosa

Hapana budi nieleze kwa nini neno "vuli" lilinitoka mdomoni bila kufikiri. Miaka minane kabla ya siku ile nilikuwa mjumbe katika jopo dogo lililoandaa faharasa ya istilahi za jiografia kwa ajili ya shule. Tulipewa orodha ya Kiingereza na tukatakiwa kuandika visawe vya Kiswahili. Majira manne ya Ulaya yalifikiwa mchana, watu wakiwa na njaa. Mimi ndiye niliyependekeza "vuli" kwa yale majira yanayofuata kiangazi chao. Hoja yangu ilikuwa kwamba miezi inalingana: Septemba, Oktoba, Novemba. Mjumbe mmoja kutoka Songea alisema kwao hakuna vuli, kwani mvua zao ni za msimu mmoja tu, zinaanza Novemba hadi Aprili. Tulimjibu kwamba hilo ni suala la kilahaja. Tukapitisha.

Sasa tutazame kilichofanyika pale. Vuli, kwa mkulima wa Tanga, Pwani au nyanda za kaskazini, ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Ni wakati wa kuandaa shamba, kupanda mahindi na maharage, na kuomba mvua zisikatike. Maana yake kuu ni mwanzo. Majira ya Waingereza yenye miezi hiyohiyo ni ya kumaliza: mavuno yameingia ghalani, siku zinafupika, miti inavua majani. Waingereza wenyewe, kabla jina lenye asili ya Kilatini halijatawala, waliyaita kwa neno lenye maana ya mavuno, na Wajerumani hadi leo hutumia neno la ukoo huohuo. Tuliichukua kalenda tukaacha kazi. Tulilinganisha miezi, ambayo ni karatasi, tukapuuza jembe na mundu.

Athari yake haikuishia katika jiografia. Nimesoma mashairi na hadithi za Kiswahili za waandishi vijana ambamo uzee huitwa "vuli ya maisha". Kwa mfumo wa sitiari za Ulaya, hilo ni sahihi: mtu anapukutika kama mti. Kwa mkulima wa Korogwe, mzee aliye katika vuli ya maisha ni mzee aliyeshika jembe na mbegu mkononi. Sitiari imekuja na mizizi ya udongo mwingine, nasi tulioandika faharasa ndio tuliopanda.

6.0 Hali ya Hewa na Mahali

Hoja ninayotaka kuisisitiza imo katika sarufi yetu wenyewe, tena katika swali la kwanza aliloniuliza Baba: "Kukoje huko?"

Kiingereza, kinapotaja hali ya hewa, hutumia kiwakilishi kisicho na rejeo. Kuna kitu kisichojulikana ambacho "ni cha joto". Kiswahili hutumia sana kiambishi cha mahali. Tunasema kuna joto, kumetanda, kumetulia, kumekucha, kumepambazuka. Kiambishi ku- cha ngeli ya mahali ndicho kinachobeba hali yenyewe. Nilikuwa nimeandika kurasa ishirini kuhusu njeo katika vitenzi kama hivi, nikishughulika na -me- na -li-, bila ya kuuliza ku- anafanya nini pale. Katika Kiswahili, kucha na kutanda ni mambo yanayotokea mahali, na msemaji analazimika kukiri hivyo kila anapofungua kinywa.

Majina ya majira nayo yana tabia hiyo. Kaskazi na kusi ni pepo, na papo hapo ni pande za dunia. Matlai, upepo wa mashariki, limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mahali jua linapochomoza. Neno msimu lina asili ya mawsim ya Kiarabu, wakati uliopangwa kwa ajili ya jambo, na kutokana na asili hiyohiyo, kwa kupitia Kireno, Waingereza walipata jina la pepo hizi za Bahari ya Hindi ambazo zilileta majahazi kwetu kwa kaskazi na kuyarudisha kwa kusi. Mwenye kusema "kaskazi" amekwisha kusema amesimama wapi. Neno hilo haliwezi kuhamishiwa Brighton likabaki na maana, kama vile mlango hauwezi kuhamishwa bila ya ukuta.

Je, Baba naye hakufanya kosa hilohilo, alipoiita siku yangu demani? Nimelitafakari swali hili kwa muda mrefu, na jibu langu ni kwamba njia yake ilikuwa tofauti. Kwanza hakuuliza mwezi. Aliuliza upepo, bahari, kazi za watu, kinachokuja na kilichopita. Baada ya kupata majibu ndipo alipotoa jina. Na alipolitoa, alisema papo hapo panapotofautiana: yenu inageukia baridi, yetu inageukia kaskazi. Huo ndio utaratibu ambao nadharia za tafsiri hufundisha, nami nilikuwa nimeufundisha kwa mihula mingi. Yeye aliufuata akiwa kibarazani, simu sikioni, bila ya kuuita jina.

Jambo hili si geni katika maandishi ya Kiswahili. Salim bin Abakari, aliyefuatana na Mjerumani Bumiller hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, aliandika safari yake kwa Kiswahili, nayo ikachapishwa na Velten mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli. Mtu yule alilazimika kueleza nchi za baridi kwa lugha ya pwani ya joto, bila ya faharasa wala jopo. Ninapendekeza kwa wanafunzi wangu waanze na maandishi ya namna hiyo kabla ya kuanza na orodha za visawe.

7.0 Deni

Vuli ya mwaka ule ilijieleza yenyewe maana yake. Desemba 2011 mvua kubwa zilileta mafuriko Dar es Salaam. Watu wengi walipoteza maisha na maelfu walipoteza makazi. Nilizitazama picha hizo nikiwa London, katika baridi kavu, na nikakumbuka kwamba nilikuwa nimewaambia watoto wa shule kuwa vuli ni wakati wa kupukutika majani.

Baba alifariki Februari 2012, kaskazi ikivuma. Alizikwa siku hiyohiyo kama inavyopasa, nami niliwasili siku ya tatu. Baada ya matanga nilipekua sanduku lake. Palikuwa na hati ya chombo, risiti za dukani, picha ya mama yake, na dira iliyopasuka kioo. Hapakuwa na karatasi ya miongo. Haikuwahi kuandikwa, kwa sababu aliyeihitaji alikuwa nayo kichwani, na aliyepaswa kuiandika alikuwa anangoja kurudi.

Tangu hapo nimekwenda kwa wazee wengine watatu wa Pangani waliosafiri baharini. Nimepata mengi kwao, nami ninawashukuru. Hata hivyo wawili wanahitilafiana kuhusu mwongo ambao demani huisha, na wa tatu ananiambia hesabu imeharibika kwa wote. "Miongo ipo," alisema, "mvua ndiyo siku hizi haijui kuhesabu." Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Tumeona vuli ya 2010 ikikosekana na kuchangia ukame mkubwa wa Afrika Mashariki, ya 2011 ikileta mafuriko, ya 2021 ikiwa haba, na ya 2023 ikizidi kipimo. Siku ya Brighton niliyoifurahia nayo imo katika orodha hiyohiyo. Joto la Ulaya lisilo la wakati wake na mvua zetu zisizo za wakati wake si mambo ya dunia mbili. Hewa inayopata joto ni moja. Majina ya majira yalikuwa ahadi: ukisikia vuli, andaa mbegu, ukisikia demani, maliza safari. Ahadi hizo zinapoyumba, tunayahitaji majina kwa usahihi zaidi kuliko awali, maana bila jina sahihi hatuwezi hata kusema ni nini kilichochelewa.

Kuhusu faharasa, nilipata adhabu yangu mwaka 2016. Mtoto wa kaka yangu, akiwa kidato cha pili, aliniletea daftari lake la jiografia nimsaidie. Alikuwa ameandika: "Vuli ni majira ambayo miti hupukutisha majani kabla ya baridi kali." Tulikuwa kibarazani kwa babu yake, mwezi wa Novemba, mvua inanyesha juu ya bati la upande wa jikoni kiasi kwamba ilitubidi tupaze sauti.

"Na hii inayonyesha ni nini?" nikamuuliza.

Alitazama mvua, akatazama daftari. "Hii ni vuli ya nyumbani, Shangazi. Ile ni vuli ya mtihani."

8.0 Hitimisho

Sina pendekezo kubwa. Katika faharasa za shule, majira yale ya Ulaya yaitwe kwa maelezo, "majira ya kupukutika majani", na vuli irudishiwe wenyewe. Urefu wa istilahi hiyo ni gharama ndogo. Niliandika barua kupendekeza hivyo, na nimeiandika tena mara mbili.

Pendekezo la pili ni kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaosoma jarida hili. Kabla ya kusafiri kwenda kusoma nadharia, kaeni jioni mbili na aliyewalea, kalamu mkononi. Msingoje kurudi. Istilahi za uvuvi, za kilimo, za ujenzi wa vyombo na za ufinyanzi ziko kwa watu wenye umri ule ambao Baba alikuwa nao siku ile ya Oktoba.

Miongo minne aliyonitajia nimeiandika. Nimeiandika usiku uleule katika treni, nyuma ya tiketi na pembeni mwa gazeti, na baadaye katika daftari safi ambalo lina kurasa thelathini na sita, moja kwa kila mwongo. Nne zimejaa kwa maneno yake. Kadhaa zimejaa kwa maneno ya wazee wale watatu, kwa wino wa rangi nyingine ili asije mtu akachanganya. Zilizobaki bado ni tupu, na kila Julai, Nairuzi inapofika, ninakwenda Pangani na daftari hilo.